Picha Tatu za Ubongo wa Seabata

Shemeji yangu Seabata Mphuthi alikuwa dalali wa mifugo, na katika upande wetu wote wa mpakani na nchi ya Wasotho, kuanzia Ladybrand hadi Wepener, hapakuwa na mtu mwenye mdomo mwepesi kama wake. Akianza kunadi kondoo, mgeni alidhani anaimba. Alichanganya Kisotho na Kiafrikana katika pumzi moja, akimtania huyu, akimsifia yule kofia yake, na bei inapanda tu. Dada yangu Disebo, mkewe, alisema ameolewa na redio ambayo kitufe cha kuzimia kilivunjika dukani kabla haijauzwa.

Mimi, Tefo, ndiye ninayeshika lango pale mnadani. Kazi yangu ni kuingiza kundi ulingoni, kuwazungusha kondoo watu wawaone, na kuwatoa wakishauzwa. Disebo yeye ana meza yake karibu na mlango wa kuingilia, anauza chai na magwinya, maandazi yetu ya kukaanga, ya moto. Kwa hiyo yaliyotokea siku ile tuliyaona sote watatu, kila mtu kwa upande wake.

Ilikuwa mwezi wa tano, baridi imeanza kuuma, na watu wamejifunika mablanketi. Nilikuwa nimeingiza kundi la madume wazuri, wenye sufu nzito. Seabata akapanda kwenye jukwaa lake, nyundo mkononi, akaanza.

"Elfu mbili, elfu mbili na mia, na mia mbili nani? Na mia mbili yule wa kofia, na mia tatu, na mia... na mia... na jana."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani mpya.

"Na jana," akasema tena, huku amekunja uso. "Na mlango. Na mia na mlango."

"Leo umeamkia wapi, Seabata?" Ntate Phakoe, yaani Mzee Phakoe kwa Kisotho, mteja wetu wa siku nyingi, akapiga kelele kutoka benchi la mbele. "Mlango unauzwa kwa kilo?"

Kicheko kikazidi. Kisha nyundo ikamtoka mkononi. Haikurushwa, ilimtoka tu, ikagonga ubao na kubingirika hadi miguuni pa kondoo. Seabata akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama glavu iliyosahauliwa na mtu mwingine. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

Ukumbi ukanyamaza. Na kimya hicho ndicho kilichomleta Disebo. Alikuja mbio, upawa wa chai bado mkononi.

"Mbona kimya? Kuna nini?" Akamwangalia mumewe mara moja tu. "Tefo, mshike! Mshike upande wa kulia! Ni kiharusi. Mama alianza hivihivi."

Nikaliacha lango wazi nikakimbia. Kondoo wote wakatoka nyuma yangu hadi kwenye maegesho ya magari, na ilichukua nusu ya mnada kuwakusanya, lakini hayo niliambiwa baadaye.

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito mbali. Ntate Phakoe hakungoja. Alileta pikapu yake, tukamlaza Seabata kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Disebo, tukampeleka hospitali ndogo iliyo karibu. Pale muuguzi alimpima presha, akamwangalia mkono na mdomo, akashika simu papo hapo.

"Hapa hatuna mashine ya kuangalia ubongo," alituambia. "Bloemfontein wanamsubiri. Mama, panda naye gari letu la hospitali. Wewe kaka, fuata nyuma, na usiendeshe kama mwehu."

Ntate Phakoe akanipa funguo za pikapu. Niliendesha kama mwehu.

*

Daktari aliyetupokea Bloemfontein alikuwa mwanamke mfupi, mwenye raba miguuni na nywele zilizofungwa kwa kitambaa cha kijani. Alijitambulisha kuwa ni Daktari Puseletso Ramakatsa, daktari wa picha. Alikuwa akitembea pembeni ya kitanda cha magurudumu huku akiuliza maswali.

"Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima kabisa ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi, mnadani," nikajibu haraka. "Ukumbi mzima ulikuwa unamsikiliza."

Tukapiga hatua kadhaa, magurudumu yakilia. Halafu Disebo akasema, "Si kweli."

Nikamfinya mkono.

"Tefo, usinifinye. Daktari, alfajiri kikombe kilimponyoka. Mkono huuhuu. Akasema amelala vibaya, mkono umekufa ganzi. Na alivaa viatu vya kushoto na kulia tofauti, nikamcheka, akavibadilisha. Nilidhani ni uzee."

"Na jana usiku alipolala?"

"Alikuwa mzima. Alinisimulia habari za shirika la maji mpaka nikasinzia."

Daktari akatikisa kichwa polepole. "Basi inabidi tuhesabu kuanzia jana usiku, maana hatujui ilimpata saa ngapi usingizini. Kuna dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini ina muda wake. Kwa saa hizo siwezi kumpa tena."

Dada yangu akashika ukuta.

"Nimemuua mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Hapana, mama." Daktari akasimama kabisa, akamwacha muuguzi asukume kitanda peke yake. "Ningempa dawa ile kwa saa ya uongo, angeweza kuvuja damu kichwani. Umenisaidia. Sasa saa tuiweke pembeni, tumwangalie yeye mwenyewe ndani ya kichwa chake. Watu hawafanani. Kuna anayeharibika upesi, kuna anayevumilia. Nataka kujua huyu ni yupi."

Kwa kawaida ndugu hawaingii kule kwenye mashine. Lakini Seabata alipolazwa kwenye ule ubao mwembamba alianza kuhangaika, anataka kushuka, anapiga kelele zisizo na maneno. Daktari akamwita Disebo kwenye chumba kidogo chenye kioo, akamwonyesha kipaza sauti.

"Zungumza naye, mama. Akisikia sauti anayoijua atatulia."

Disebo akainama. "Seabata. Ni mimi. Tulia. Nikikuona unatikisika tena, nakuja humo na upawa wangu."

Akatulia. Mtaalamu wa mashine akacheka kwa pua. Nami nikabaki pale mlangoni kimya, nikijifanya kabati, asije mtu akakumbuka kunitoa.

Walimdunga dawa ya kung'arisha mishipa, ubao ukaingia ndani ya ile duara, mashine ikavuma. Wakati huohuo akaingia mzee mmoja mrefu, Mzungu wa Kiafrikana, miwani kwenye paji la uso, kikombe cha kahawa mkononi. Huyo alikuwa Daktari Lombard, ndiye anayeingia kwenye mishipa na kuvuta madonge. Alikulia shambani, Kisotho chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu.

Picha ya kwanza ikatokea kwenye skrini. Sihitaji kusoma udaktari kueleza nilichokiona. Upande mmoja wa kichwa mishipa ilikuwa imejaa, matawi juu ya matawi, hadi ncha za mwisho. Upande wa pili ulikuwa na kisiki tu. Mshipa mmoja mnene unakuja, unafika mahali, unakatika. Baada ya hapo giza.

Lombard akaangalia akiwa amesimama. "Puseletso, hapa hakuna kitu. Upande mzima mkavu. Na umesema ni tangu jana usiku?"

"Tangu jana usiku, ndiyo. Lakini ngoja kidogo, Daktari. Hiyo ni ya kwanza. Ziko tatu."

"Tatu! Siku hizi mnapiga picha kama watu wa harusi."

"Sindano ni moja tu. Mashine ndiyo inarudi kupita. Naomba ukae."

Hakukaa, ila hakuondoka. Disebo alikuwa ameshika ukingo wa meza, na mimi nilikuwa nimemshika yeye kwa nyuma, kwenye fundo la blanketi lake.

Picha ya pili. Upande mzuri uling'aa vilevile. Upande wa giza, huku nyuma na juu, vilikuwa vimetokea viuzi vyembamba, kama nyufa kwenye sahani.

"Hm," akasema Lombard.

Picha ya tatu. Upande mzuri sasa ulikuwa unafifia, maana dawa ilishapita ikaenda zake. Na upande uliokuwa giza ndio ulikuwa unawaka. Si kwa mishipa minene. Ni vile viuzi, vingi sana, vimejipenyeza kutoka mbele na kutoka nyuma, vimezunguka pale palipoziba na kuteremka hadi karibu na kisiki kwa upande wa pili.

"Damu inafika," akasema Daktari Ramakatsa, na sauti yake ilikuwa ya chini lakini niliisikia furaha ndani yake. "Imechelewa, lakini inafika. Picha ya kwanza tuliipiga kabla haijafika. Angalia na hii tuliyopiga kabla ya sindano: sehemu iliyokufa ni ndogo, hapa tu. Hayo mengine yote yana njaa, ila yako hai."

Lombard akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Akavuta kiti, akakaa. Kahawa akaiweka sakafuni.

"Rudisha ya kwanza. Sawa. Sasa ya tatu. Tena ya kwanza." Akakuna kidevu. "Huyu mzee anafanya kazi gani?"

"Dalali wa kondoo," nikasema, na wote wakageuka kuniangalia, nikajuta.

Lakini nilikuwa nimeelewa, na kwa kuwa wameshaniona nikaona niseme tu. "Ni kama zizini. Lango kubwa likiziba, kondoo hawafi papo hapo. Wanapitia vilango vya pembeni, mmoja mmoja. Lakini ukikawia kulifungua lile kubwa, watakanyagana."

"Ni hivyo hasa," akasema Daktari Ramakatsa.

Lombard akamgeukia Disebo. Hakumficha kitu. Alimwambia atapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja, aupandishe hadi kichwani, alishike lile donge na kulivuta nje. Alimwambia mshipa unaweza kupasuka. Alimwambia huenda maneno yasirudi yote hata kazi ikienda vizuri.

"Na mkimwacha?"

"Hii mishipa midogo inamshikilia sasa. Lakini haikuumbwa kubeba mzigo wote. Itachoka, mama, na ikichoka, upande wote utakufa."

Disebo akamtazama mumewe kupitia kioo. Seabata alikuwa amelala na macho wazi, akiangalia dari.

"Basi nenda kamfungulie," akasema.

Lombard akasimama. "Nani yuko zamu leo chumba cha mishipa?"

"Ni wewe, Daktari," akasema Puseletso Ramakatsa.

"Ah. Basi bahati mbaya yake." Na akatoka kwa hatua ndefu, akisahau kahawa yake sakafuni. Nikaiokota, maana nilijua nitaikanyaga.

*

Tulikaa kwenye viti vya plastiki. Disebo hakulia. Alihesabu kwa sauti makosa yote ya Seabata, moja baada ya jingine, tangu siku ya posa: alivyochelewa, alivyowanadi ng'ombe wa mahari mbele ya wajomba kana kwamba yuko kazini, alivyompa mtoto wao wa kwanza jina la fahali aliyemuuza vizuri wiki ile. Mimi nilimkatiza mara moja moja nikimtetea, maana niliona ndicho anachotaka.

Mlango ukafunguliwa. Lombard akatoka na kofia yake ya karatasi, ana kipande cha shashi mkononi. Akakikunjua mbele yetu. Katikati palikuwa na kitu chekundu cheusi, kidogo kama punje ya mchele.

"Mara ya kwanza kilikataa. Mara ya pili kikatoka chote," akasema. "Damu inapita. Mshipa umejaa hadi ncha."

Disebo akakiinamia kile kitu.

"Hiki ndicho kilichomnyamazisha Seabata?"

"Ndicho."

"Na mimi nimejaribu miaka yote hii!"

Kisha ndipo akalia. Akalia na kucheka pamoja, akamkumbatia yule mzee mrefu kiunoni, maana ndipo alipofika, na Lombard akasimama mikono hewani asijue aiweke wapi.

Asubuhi iliyofuata tuliruhusiwa kuingia wodini. Seabata alikuwa ameegemea mto. Mdomo wake bado ulikuwa umeshuka kidogo, lakini mkono wa kulia ulikuwa juu ya shuka na vidole vilikuwa vinacheza, kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu funguo. Daktari Ramakatsa alikuwa pale, si zamu yake, amekuja tu kuona.

"Unawajua hawa?" akamuuliza.

Seabata akamwangalia mkewe, jicho likajaa maji. Akaniangalia mimi. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Tulingoja. Ilikuwa kama kumtazama mtu akivuta ndoo kutoka kisima kirefu.

"Tefo," akasema.

"Naam, shemeji!"

"Funga... lango."

Sikuwahi kutukanwa kwa utamu kama ule. Nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye korido mpaka uso wangu ukatulia.

Si kwamba wote pale walikuwa na furaha kama yetu. Kitanda cha pili kulikuwa na mwalimu mmoja wa Botshabelo, kijana kuliko Seabata, naye aliletwa mapema, kabla ya saa kupita. Donge lake lilivutwa vilevile. Lakini mishipa yake ya pembeni ilikuwa michache, na ubongo haukungoja. Alilala tu, akitazama upande mmoja. Disebo alimuuliza Daktari Ramakatsa, kwa kunong'ona, kwa nini huyu na si yule.

"Mwingine anazaliwa nayo mingi, mwingine michache," akajibu. "Kuna presha, kuna sukari, kuna sigara, hayo yanaiharibu. Lakini mara nyingi, mama, sina jibu. Naona tu kilichopo na kusema nilichokiona."

Kuanzia siku ile Disebo alipika kwa wawili. Alileta papa, yaani ugali wetu wa mahindi, na mboga kwenye mabakuli, akakaa na mke wa mwalimu, akamwacha Seabata ahangaike na kijiko kwa mkono wake wa kulia kama alivyoagizwa.

*

Kurudi kwa maneno hakukuwa jambo la siku moja. Alipewa mwalimu wa kusema, binti mpole aliyeitwa Noluvo, ambaye alimwonyesha picha za vitu. Kondoo alimwita jagi. Jagi akaliita Jumatano. Mtu aliyekuwa akijaza ukumbi kwa maneno sasa alitoka jasho akitafuta jina la kijiko, na akikosa anagonga meza. Mara moja alitupa picha zote sakafuni. Noluvo akaziokota bila neno, akamwambia, "Sasa niambie unachotaka kunitukana. Polepole. Nataka nisikie kila silabi." Akamtukana, ikamchukua muda, na yule binti akampigia makofi.

Mnadani walikuwa wameleta dalali mwingine, kijana kutoka Kroonstad, hodari, mwenye kipaza sauti cha kuvaa kichwani. Nilimshikia lango lakini moyo haukuwepo. Kila wiki wakulima waliuliza, "Mzee vipi?" Nami nikisema anasema vizuri, ila polepole, walitikisa vichwa kwa huruma, kana kwamba nimesema farasi anakimbia vizuri ila ana miguu mitatu.

Baridi ilipoisha na mipichi kuchanua, Seabata alisema anataka kundi moja. Moja tu.

"Utajichosha," akasema Disebo.

"Nime... choka... kukaa," akajibu.

Wakampa kundi la mwisho, majike kumi na kitu ya kawaida tu, siku ambayo watu wengi walikuwa wameanza kukusanya vitu vyao. Akapanda jukwaani, mimi nikiwa chini yake tayari kumdaka. Yule kijana wa Kroonstad akavua kile kipaza sauti ampe, naye akakikataa kwa mkono.

"Majike haya," akasema, na watu wakasimama pale walipokuwa. "Yametoka... kwa mama Khabele. Ninayajua. Nimeyaona... yakizaliwa. Meno yao... mazuri. Nani... anaanza?"

Hakuna aliyecheka. Ntate Phakoe akainua kidole. Seabata akaitaja bei yake, neno kwa neno. Akangoja. Mwingine akainua. Akaitaja. Kati ya bei na bei palikuwa na nafasi ya mtu kufikiri, kumwangalia mkewe, kuwaangalia kondoo tena, na kuinua kidole ambacho hakukusudia kuinua. Walikuwa wamesogea mbele wote, viwiko kwenye vyuma vya ulingo. Bei ilipanda polepole, lakini ilipanda, na alipogonga nyundo yule kijana wa Kroonstad alipiga mluzi.

Bibi mmoja mwenye miwani mizito akaniambia pale langoni, "Miaka yote nanunua hapa, leo ndiyo mara ya kwanza nimeelewa nanunua nini."

Kuanzia hapo wanamwachia makundi ya kuzalishia, yale yanayohitaji maelezo. Yule kijana ananadi mengine. Wanapendana, na wanatukanana vizuri.

*

Mwaka uliofuata Daktari Ramakatsa alipiga simu. Anafundisha madaktari wachanga, akasema, na anaomba ruhusa kuwaonyesha picha tatu za Seabata, bila jina.

"Bila jina... kwa nini?" akauliza Seabata, simu ikiwa kwenye spika. "Nina... aibu gani?"

"Ndiyo utaratibu, Ntate."

"Basi nitakuja... mwenyewe. Nione kama... mnanionyesha vizuri."

Tukaenda wote watatu, Disebo amevaa blanketi lake la sherehe. Tulikaa benchi la nyuma la ukumbi, gizani. Daktari Ramakatsa aliweka picha ya kwanza ukutani, kubwa kama mlango wa ghala, akawauliza vijana wangefanya nini. Mzee wa miaka sitini na kitu, dalili tangu jana usiku. Wakajibu mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kwa uhakika: muda umepita, upande ni mkavu, iandaeni familia.

Nilimsikia Disebo akivuta pumzi. Seabata alikuwa ametulia, kichwa amekiinamisha upande, anaangalia kile kisiki chake.

Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, ikawaka yote, vile viuzi vyake vyote, na ukumbi ukaanza kunong'ona. Msichana mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe!"

"Kumbe," akasema Daktari Ramakatsa. "Na sasa mwulizeni mwenyewe. Yuko nyuma yenu."

Taa zikawashwa. Wakageuka wote. Seabata akasimama, akavua kofia, akawatazama mmoja mmoja bila haraka yoyote, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kuangaliwa. Kijana mmoja, yule aliyesema familia iandaliwe, alikuwa amejificha uso kwa daftari.

"Wewe," akasema Seabata. "Toa... daftari. Sijakasirika. Hata huyu," akanionyesha mimi, "alishaanza... kugawana viatu vyangu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na mimi nikapinga kwa sauti kubwa, jambo ambalo lilizidisha kicheko. Wakamuuliza maswali. Ilikuwaje kukosa neno? Aliogopa? Aliwajibu, na kwa kuwa kila jibu lilikuwa refu na kila neno lilikuwa na safari yake, muda wa somo ukaisha, wa chai ukaisha, na hakuna aliyeinuka. Yule msichana wa mbele alikuwa ameacha kuandika, ameegemeza shavu kwenye mkono, anasikiliza tu.

Lombard alikuwa ameingia katikati akasimama kando ya mlango. Alishastaafu, lakini aliitwa. Akamnong'oneza Disebo, "Mama, anaongea mno."

"Usimguse," akasema dada yangu.

Tulitoka jua likiwa limeanza kuegemea magharibi. Kwenye maegesho Seabata alisimama kando ya gari, hakupanda, akanyoosha mgongo wake, akataka tupitie njia ya mabondeni, maana alisikia kuna mtu ana kondoo wa nyama, aina ya Dorper, anaotaka kuwaonyesha watu. Disebo akasema amechoka, viatu vinambana, twende nyumbani. Wakaanza kubishana, dada yangu harakaharaka, na mumewe neno moja moja, na mimi nikawasha gari nikaliacha lingurume, nikafungua dirisha, nikawasikiliza.